Mkasi Wangu na Karte ya Papa Mutombo

Wiki mbili zilizopita nilipeleka mkono wangu mwenyewe kwenye labo moja ya mtaani, hapa Kampemba, Lubumbashi. Sitaji jina, wenyewe wanajijua. Kijana akanitoboa kidole, akaweka matone kwenye kigae cheupe, akatia dawa, akatikisa mara mbili, akaandika B. Simu iko katika mkono wa pili.

"Mama, imeisha."

"Imeisha nini?"

"Groupe ya damu, mama. Uko B."

"Umefanya nusu," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kubeba friji hadi ghorofa ya tatu. Kweli mimi ni B, nilizaliwa B. Lakini yeye hakujua hivyo. Alibahatisha, na bahati ikamkuta.

Ndiyo maana ninaandika haya, ninyi mnaosomea kazi ya labo. Mnanichosha. Ninaandika Kiswahili cha shule kwa sababu mwalimu wetu alitupiga hadi kikaingia, lakini watu wa Lubumbashi nitawaacha waseme kama walivyosema. Mimi ni Mama Sakina. Nilikaa kwenye dirisha la damu la hospitali moja ya mji huu hadi macho yakaanza kudai miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Msidhani ninawagombeza kwa kuwa mimi sikukosea. Nilikosea, tena kwa ukamilifu kabisa, na mtaona.

Kwanza nusu hiyo. Mnaijua, lakini mnaijua kama wimbo wa chekechea, kwa mdomo tu. Chembe nyekundu za mtu zina alama: A, au B, au zote mbili, au hakuna, na huyo asiye na alama ndiye O. Maji ya damu, serum, yana kazi yake: yanashambulia alama ambayo mwenyewe hana. Mtu wa A, serum yake inagandisha chembe za B. Mtu wa O, serum yake inagandisha A na B, zote. Kwa hiyo unapima chembe, halafu unapima serum, halafu unaangalia kama wanasema neno moja. Wakipingana, unaweka kalamu chini. Huandiki kitu.

Aliyenifundisha ni Papa Kasongo, mkuu wa labo yetu wakati ule, mtu wa Kongolo, mfupi, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio hata siku ya harusi yake. Alikuwa akisema (globule ni chembe, njo ni ndiyo): "Globule njo muntu anajisifu. Serum njo jirani yake. Sasa we unauliza muntu moja tu?" Ukijibu kwamba ulikuwa na haraka, anachukua kigae chako anakiosha mbele yako, unaanza upya.

Mwezi wa saba mmoja, baridi ya Lubumbashi ile ya kuvaa pullover mbili, asubuhi yote nilipata AB. Mgonjwa wa kwanza AB, wa pili AB, mama mjamzito AB, polisi AB. Nikaenda kwa Papa Kasongo na daftari, nimefurahi, nikidhani nimevumbua kabila. Alitia kigae ndani ya kwapa lake, chini ya blouse, lile koti jeupe la labo, akasimama hivyo akipiga hadithi za mpira. Alipokitoa, wale AB wote walikuwa wameyeyuka. Baridi ndiyo iliyozishika zile chembe. Mjamzito alikuwa O, polisi alikuwa A, na mimi nilikuwa mjinga. Tangu siku ile, wakati wa baridi nilipasha vigae kwenye kiganja changu. Ninyi mna mashine yenye joto lake, lakini umeme ukikatika mnatazamana.

Sasa mkasi.

Katika mji huu kila mtu ana karte ya groupe, karatasi ndogo ndani ya plastiki. Wengine wanaipata kwenye labo ya kweli. Wengine wanaipata sokoni, pale wanapopiga fotokopi, maana anayepiga plastiki anaweza pia kuandika. Siku moja mchimbaji wa Kambove aliletwa amevunjika mguu, ana karte ya B. Nikampima: O, chembe na serum, neno moja. Karte ilikuwa ya mdogo wake. Alikuwa ameiazima ili apate kazi, akafuta jina la mbele. Angewekewa damu ya B yule, tungemzika. Nilikasirika hivi kwamba nilichukua mkasi wa bandeji nikaikata ile karte vipande viwili mbele ya macho yake, nikatupa kwenye pubelle, pipa la taka.

Nikaona ni vizuri. Nikaifanya desturi. Ukija na karte inayopinga kigae changu, ninaikata. Nilining'iniza ule mkasi kwa kamba kwenye msumari, pembeni ya dirisha. Watu walikuwa wanauonyesha: "Angalia, huyu mama anakata." Nilijivuna, sifichi. Miaka mingi nilijivuna.

Halafu akaja Papa Mutombo.

Alikuwa anauza vipuri vya magari Ruashi, mtu mpana, wa kucheka. Siku ile hakuwa mpana. Fizi zilikuwa zinavuja damu, miguu ina madoa, na daktari alikuwa ameshaona ubaya wenyewe: kansa ya damu. Alihitaji damu haraka. Bibi yake, yaani mkewe, Mama Ngalula, alimshika kiuno. Karte ya zamani ya mume, aliyopewa alipoajiriwa kwenye mgodi akiwa kijana, ilisema A.

Nikampima. Dawa ya A: hakuna kitu, tone limelala laini. Dawa ya B: hakuna kitu. O.

Na serum? Sikupima serum. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, chembe zangu za kulinganisha, za A na za B, zilikuwa zimeharibika kwenye friji, kutengeneza nyingine kungenichukua muda, na mstari mbele ya dirisha ulikuwa mrefu. Hizo ni sababu. Papa Kasongo alikuwa ameshakufa, angezisikia angekiosha kigae. Nilifanya nusu.

"Papa, hii karte iko na bongo," nikasema. Bongo ni uongo, kwa wasiokaa kwetu.

"Bongo namna gani, mama? Miye niko A tangu kitambo."

"Damu haisemake bongo." Nikachukua mkasi. Kra. Vipande viwili. Nikamwandikia karte mpya ya O.

Alicheka hata na zile fizi. "Mama, unanikata na miye?"

Tulimpa damu ya O, na namshukuru Mungu kwamba kosa langu liliangukia upande huo, maana O haikumdhuru.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shule inapowadanganya. Wanawafundisha kwamba groupe ni ya kuzaliwa hadi kuzikwa. Ni kweli kwa wengi. Lakini kansa ya damu inaanzia ndani ya mifupa, pale chembe zinapotengenezwa, na fundi aliyeharibika anaweza kutoa chembe zisizo na alama. Mtu wa A anaanza kuonekana kama O. Hajawa O. Ni A aliyevuliwa shati. Serum yake bado inakumbuka: haigandishi A, kwa sababu haiwezi kumshambulia mwenyewe. Ningeiuliza ile serum, ingeniambia pale pale.

Wiki moja baadaye binti yao, Kapinga, alikuja kutoa damu, ili kurudishia ile baba yake aliyotumia. Msichana mrefu, anacheka kama baba. Nikampima sawasawa, pande zote mbili maana siku ile nilikuwa na chembe: AB. Akatoka na karte yake mpya, akamwonyesha mkubwa wa baba yake, yaani kaka yake, kwenye benchi.

Huyo mkubwa tulimwita Préfet, kwa sababu alikuwa préfet, mkuu wa shule ya sekondari, na kabla ya hapo alifundisha biolojia. Nasema hivi ili msimchekelee. Hakuwa mjinga. Alikuwa amechora A na B na O ubaoni maisha yake yote. Akaja dirishani na karte mbili, ameziweka kando kando.

"Mama Sakina, uko sure na hii O?"

"Niko sure."

"Na hii AB?"

"Niko sure, papa."

Sikuangalia hata jina la ukoo. O hawezi kuzaa AB. Kila mwanafunzi wa Préfet alilijua hilo, na mimi nililijua kabla yao. Akasema aksanti, akatia karte zote mbili kwenye mfuko wa shati. Mimi nikaendelea kuosha mirija yangu.

Siku mbili zikapita. Mama Ngalula akaja dirishani peke yake, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vipande viwili vya ile karte niliyoikata. Alikuwa ameviokota kwenye pubelle siku ile ile.

"Mama, mi sikutembea na muntu mwengine," akasema. "Niliwaonyesha hii karte. Banasema: labo ilikata, basi njo bongo."

Nilimwuliza nani wanasema, na kwa nini. Ndipo akamtaja Préfet na ukoo wa mume, akanieleza tshibawu. Mimi ni mtoto wa Waislamu wa Maniema, kwetu hakuna hicho, lakini nimeishi na watu wa Kasai kama wao maisha yangu yote na siichezei desturi ya mtu. Mke akitoka nje ya ndoa akaficha, ile siri inamla mume. Anaugua, anakufa. Dawa yake ni mke aungame mbele ya ukoo, mbuzi achinjwe, ndipo mume apone. Na mke aliyeungama hivyo harudi nyumbani kwa mume na jina lake jema. Mume mgonjwa, binti wa AB, baba wa O: kwa Préfet hesabu ilikuwa imekwisha.

Mama Ngalula aliinama hadi kwenye kioo. "Nikuulize kitu, mama, we njo unajua mambo ya damu. Kama naungama kitu sikufanya, ile inaweza kumuponyesha?"

Katika miaka yote ya dirisha lile, hakuna swali lililonikata hivyo. Nilimwambia hapana, asiungame kitu, arudi nyumbani, anipe hadi kesho. Alijibu "sawa" ile ya mtu ambaye bado hajakubali.

Kesho yake asubuhi nilichukua damu mpya ya Papa Mutombo, nikatengeneza chembe mpya, kutoka kwangu mwenyewe za B na kutoka kwa mfagiaji wetu za A. Serum yake na chembe za B: zimeganda. Serum yake na chembe za A: laini. Zimelala. O wa kweli angegandisha zote mbili.

Lakini mgonjwa namna hii, serum yake inaweza kuwa dhaifu kwa ajili ya ugonjwa, na Préfet angenishika hapo. Nikakumbuka kazi ya Papa Kasongo ya mate. Watu wengi alama yao ya damu iko pia kwenye mate, na kansa ya mifupa haina habari na mate. Nikapanda chumbani kwa Papa Mutombo na kikombe.

"Papa, teme."

"Mama, kwanza karte, sasa mate. Kesho utakata nini?"

Kinywa kilikuwa kikavu. Nilimpa ndimu anuse, akatema kidogo kidogo, akicheka na kufuta damu. Andikeni hii, maana hamtaiona kwenye mashine yenu: unachemsha mate, unayaacha yapoe, unayazungusha hadi takataka zishuke, unachukua yale maji ya juu. Unayachanganya na dawa ya A uliyoipunguza nguvu, unangoja, halafu unatia chembe za A. Kama mate yana A, yanaila ile dawa, na chembe hazigandi. Pembeni unaweka mrija wa maji ya chumvi badala ya mate, huo lazima ugande, la sivyo hujathibitisha kitu.

Mrija wa chumvi uliganda. Mrija wa mate ukabaki laini kabisa. Papa Mutombo alikuwa A, tangu tumboni mwa mama yake. Nikaandika kwenye daftari: jina, siku, saa tatu na nusu asubuhi. Halafu nikakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia.

Mkeka aliolalia Mama Ngalula akimuuguza mume haukuwepo chini ya kitanda. Préfet alikuwa amekaa mlangoni, amejinyoosha, mgonjwa ndani amelala usingizi. Saa saba ilikuwa imepita, maana kabla sijafika ngazini waliniita dirishani kwa damu ya dharura, moja baada ya nyingine, na hilo pia sijajisamehe.

"Ameisha kuungama," akasema. "Saa sita. Mbuzi tumechinja. Eko kwa dada yake, Bel-Air."

Nilimweleza yote: chembe, serum, mate. Nilieleza vibaya, kwa hasira, nikirukaruka. Alinisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza mwanafunzi ambaye hakusoma.

"Mama, ulisema O, uko sure. Ukakata karte ya A. Leo unasema A, sawa uko sure. Mi niamini Mama Sakina gani?"

Ule mkasi wangu, niliouning'iniza ili watu waniamini, ndio ulionifunga mdomo.

Papa Mutombo hawakumwambia kitu. Walimdanganya kwamba bibi yake amekwenda kilio, msiba wa mtu, Likasi. Dawa za kansa zilianza, zile kali, nywele zikatoka, tukampa damu ya O mara nyingi. Mimi nilikuwa napita Bel-Air, ni mtaa wangu humu Kampemba, nikimwona Mama Ngalula amekaa uani kwa dada yake anachambua matembele bila kuangalia mtu. Hata salamu alinijibu akiangalia chini.

Wiki nyingi baadaye, asubuhi, nilipima tena damu ya Papa Mutombo. Dawa ya A ikaanza kushika. Si yote, maana chembe nyingine zilikuwa za O tulizompa, zilielea huru katikati. Lakini kulikuwa na mabonge, mekundu, mazito. Fundi alikuwa ameanza tena kutengeneza shati. Nilichukua kigae kama kilivyo, nikapanda nacho, nimeshika daftari chini ya kwapa. Nilitaka Préfet aone kwa macho yake mwenyewe.

Aliona. Alivaa miwani, akainama, akatikisa kigae kama fundi wa kweli. Halafu akasema, taratibu, ameridhika: "Unaona, mama? Aliungama, damu inarudia."

Niambieni ninyi wenye akili mpya, unamjibu mtu nini hapo. Ushahidi wangu wote, ule niliongoja wiki na wiki, alikuwa ameuchukua mkononi mwangu na kumfungia nao yule mwanamke. Nilihisi nataka kumpiga na kigae. Kweli ya Mungu, nilikiinua kidogo.

Sauti ikatoka kitandani. "Nani aliungama?"

Tulikuwa tumemsahau mwenyewe. Papa Mutombo alikuwa amejiinua kwa kiwiko, macho kwa Préfet; Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Yaya, nani aliungama? Aliungama nini?"

Préfet akamwambia. Hakuficha, si mtu wa kuficha. Papa Mutombo alisikiliza, halafu akanyoosha mkono kwangu. "Mama, leta ile daftari."

Hakuisoma yeye, macho yalikuwa dhaifu. Alimpa mkubwa wake. "Soma, Yaya. We njo mwalimu."

Préfet akasoma mstari. Mate, A. Siku ile. Saa tatu na nusu. Akausoma tena, kidole juu ya saa. Mbuzi alikufa saa sita, yeye mwenyewe alikuwa amenitajia. A ilikuwa pale kabla ya kisu, kabla ya neno lolote. Alivua miwani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuomba nafasi.

"Mulimufanya bibi yangu aseme bongo juu yangu," Papa Mutombo akasema. Hakupaza sauti. "Na mutoto yangu anasikia."

Préfet hakumtuma mtu. Alikwenda Bel-Air mwenyewe, kwa miguu, na alirudi na Mama Ngalula akimbebea mkeka. Papa Mutombo alimwuliza mkewe kwa nini alikubali kitu ambacho hakufanya. Alijibu akitandika ule mkeka chini ya kitanda, hakugeuka hata: "Balisema utapona."

Hakupona. Ugonjwa ulirudi na mvua za kwanza, na kwenye kilio Mama Ngalula alikaa mahali pa mjane, Kapinga pembeni yake, na Préfet akasimama mlangoni kupokea watu. Mkasi niliutoa kwenye msumari, nikampa jirani yangu mshonaji. Ninyi mkiona karte inapingana na kigae, msikate. Mwulizeni mtu alikuwa nani zamani, anaumwa nini, aliwekewa damu lini. Halafu mfanye ile nusu nyingine.

Lakini siku ile ya mkeka, kabla sijashuka, Papa Mutombo aliniita. "Mama, ulikata karte yangu. Niandikie ingine."

Nikatoa karte mpya mfukoni. Nikaandika jina, nikaandika A. Chini yake nikaandika: apewe O tu.

"Weka tena, chini: baba ya Kapinga."

Karte ya groupe haina mstari wa kuandika kitu kama hicho, na mkuu wangu angenigombeza. Niliandika. Nikashuka labo, nikachukua cachet, muhuri wetu, nikaipiga hapo hapo, juu ya lile neno.